Nyuzi Themanini na Nane

Watahiniwa saba mwaka huu, nafasi moja:
Fizikia ya Kwanza, saa ishirini kwa wiki,
mkataba wa mwaka mmoja, bila siku ya ziada.
Tangazo walilibandika kwenye mlango wangu
kwa kuwa ndio pekee usio na ufa.

Mimi si mwalimu. Mimi ni mwenye funguo.
Nafungua maabara, nahesabu mawe ya mizani, nafuta vumbi,
na siku ya usaili nawasha jiko la spiriti
kwa yeyote atakayeomba moto.

Wa kwanza aliomba projekta. Wa pili, projekta.
Wa tatu alisoma slaidi zake kama asomaye wosia
wa tajiri ambaye hakumwachia kitu.
Wajumbe wawili wa wanafunzi (huku Oruro nao wana kura)
walichorachora lama pembeni mwa fomu za alama.

Wa nne, Nélida Calizaya,
sweta limefumuka nyuzi kiwikoni.
Aliniuliza jina langu kwanza,
kisha akaomba sufuria ndogo, maji na kipimajoto.

"Yachemke," akasema, akanyamaza.
Kimya cha dakika sita mbele ya baraza!
Mwenyekiti akatazama saa, akakohoa kikohozi cha cheo.
Maji yakanong'ona, yakagombana, yakaruka.
"Nani atanisomea?"
Akainuka Yhasmani, mjumbe,
akainama, mvuke ukamfunika miwani, akajibu:
"Mia moja."
"Umesoma kipimajoto, au umesoma kitabu?"

Akafuta miwani kwa ncha ya shati. Akarudi. Akakawia.
"Themanini na nane,"
kwa sauti ya mtoto anayeungama kuvunja sahani.

Hapo nikatamani ardhi inimeze. Mimi,
niliyetoka Trinidad, bondeni, kwenye mito na joto,
mwaka wangu wa kwanza huku juu,
kichwa kikinigonga, pumzi ikinikatikia ngazini,
nilitupa jaani vipimajoto kumi na kimoja
nikidhani vyote vimekufa.
Marehemu Profesa Ugarte alisaini fomu ya hasara, asiseme neno.
Na kwa miaka ishirini na miwili ripoti za wanafunzi
zimeandika mia, mia, mia,
na kila mia ikapata vema.

Yeye hakucheka. Alichora bahari chini kabisa ubaoni,
akapanda juu ya kiti, akachora Oruro karibu na dari.
"Hapa hewa ni haba. Haiyakalii maji kichwani.
Maji yakikosa wa kuyakandamiza, huondoka mapema.
Waulizeni mama zenu kwa nini maharage hayaivi."
"Ndiyo maana ana sufuria ya presha!"
akasema yule mjumbe msichana, kalamu hewani,
lama wake bado hana mkia.

Matokeo yalitoka Ijumaa.
Somo la majaribio: wa kwanza, kwa mbali.
Vyeti: wa sita.
Alikuwa amefundisha sekondari Challapata miaka tisa,
na miaka tisa ya Challapata haina muhuri.
Alikosa kwa pointi mbili na nusu.
Alipita kunirudishia kipimajoto,
amekiviringa ndani ya leso kama yai.

Mwalimu mpya ni mtu mwema. Ana vyeti hata vya kugawa.
Jumatatu ameniita, uso umemkunjamana:
"Don Arsenio, vipimajoto vyako vimeharibika.
Darasa zima limeniandikia themanini na nane.
Agiza vipya."

Wanafunzi thelathini na mmoja wakanigeukia.
Yhasmani aliuma kalamu.

Nikafunga kabati, nikatia ufunguo mfukoni.
"Havijaharibika, Daktari," nikasema.
"Keti. Nawasha moto."